Ugonjwa Wangu Mdomoni mwa Shemeji

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya mtaa wa Laeken ambayo haijanitoka kichwani. Nilikuwa ninamchana nywele Madame Odette, bibi wa miaka quatre-vingt-six, themanini na sita, ambaye nilikuwa nafanya ménage, usafi wa nyumba, kwake, na yeye alikuwa ananisomea kitabu, polepole, kwa Kifaransa chepesi. Mimi kusoma kulinishinda mapema. Nilipofika darasa la tatu baba yangu alisema kwa mtoto mwanamke inatosha.

Lakini ngoja kwanza nikueleze nilivyokuwa. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu, mjane, na vita vya Kivu viliniachia ugonjwa wa ndani, ule wa wanawake. Damu ilitoka ovyo, na tumbo liliuma hadi nauma shuka. Wale wa bunduki walionifanyia hivyo sikujua majina yao. Lakini walionifanya nikae na ugonjwa huo miaka mitatu hapa Bruxelles nawajua, na nitawataja.

Wa kwanza ni Déogratias, kaka wa marehemu mume wangu. Alitutangulia Ulaya, alijua Kifaransa, donc, basi, mwanamke yeyote wa familia akiugua, yeye ndiye anayempeleka kwa munganga wa hospitali, na yeye ndiye anayesema. Tuliishi hivyo, na tuliona ni heshima. Wa pili ni mke wake, Furaha. Nilimweleza yote jikoni kwake, mtaa wa Saint-Josse, akaendelea kukata vitunguu. "Nyamaza, maman. Mambo ya chini haisemwaka mbele ya shemeji."

Hata hivyo nilijaribu. Mbele ya daktari nilimwambia Déogratias, tena kwa kuzunguka, kwamba damu haisimami. Akaangalia ukuta. Kisha akamwambia daktari kwamba nimechoka, ni fatiguée, sipati usingizi. Fatiguée! Kifaransa changu kilikuwa kidogo, lakini neno hilo nililijua. Daktari hakuinua hata macho, akaandika vitamini. Tulirudi mara nyingine, vitamini tena. Na wa tatu wa kulaumiwa ni mimi mwenyewe, kwa sababu nilisikia ninavyosemewa uongo, nikasema merci, nikavaa koti.

Bon. Kitabu cha Madame kilieleza maisha ya mwanamke mmoja wa Uingereza, zamani za malkia Victoria. Jina lake lilikuwa refu kwa ulimi wangu, mimi nikamwita maman docteur, na Madame naye akazoea. Huyo mama alitaka kuwa daktari siku ambazo kazi hiyo ilikuwa ya wanaume tu. Shule zote zilimfungia mlango. Akaingia hospitali kwa kazi ya uuguzi, akajipenyeza kwenye masomo yao, na siku alipojibu swali lililowashinda wanaume wote, wakaenda kwa wakubwa kudai atolewe. Alivyokuwa mkaidi, alijifunza Kifaransa akaenda kufanya mtihani wake Paris. Kifaransa, mwanangu! Pale nilimwomba Madame arudie. Mwanamke mzima, lugha si yake, anasimama mbele ya maprofesa wenye ndevu anajibu. Na uzeeni bado alikuwa anaandamana na wenzake kudai wanawake wapige kura.

Asubuhi ile tulifika pale anapofungua dispensaire, zahanati ya wanawake maskini. Walikuja wengi kuliko viti. Kulikuwa na waliokaa miaka wameficha ugonjwa, kwa aibu ya kumweleza mwanaume. Mkono wangu ukasimama.

"Unanichana ao umelala?" Madame akauliza.

Akageuka, akaniangalia usoni.

"Na wewe pia?"

"Oui, Madame."

"Tangu lini?"

"Trois ans."

"Miaka mitatu, na mimi nakupandisha ngazi na ndoo za maji!" Akakifunga kitabu kwa hasira, akaniambia nimletee simu.

Alinitafutia daktari mwanamke, karibu na Chaussée d'Ixelles. Kosa langu, nilimwambia Furaha. Siku ya miadi nikamkuta Déogratias kwenye chumba cha kungojea, na suti yake ya misa.

"Nani amekupa ruhusa?"

"Ni tumbo yangu, shemeji."

"Utasema na Kifaransa gani? Ile ya kufagia?"

"Ile ya kufagia inatosha. Pahali panauma nitaonyesha na kidole."

"Utatupatisha haya. Batu batasema nini?"

"Batasema nimepona."

Usidhani nilikuwa jasiri. Nilijua akiingia na mimi nitakuwa tena mwanamke aliyechoka, na pengine nitakufa hivyo, nimechoka. Nilipoitwa akasimama naye. Nikapita mbele, nikafunga mlango kwa mkono wangu.

Maneno yangu yalikuwa machache: sang, ventre, trois ans, la guerre; damu, tumbo, miaka mitatu, vita. Yule daktari aliweka kalamu chini akanisubiri. Nililia, akasubiri bado. Walinipima, wakakuta uvimbe, wakanipasua. Niko hapa, nimepita hamsini, napanda ngazi bila kushika ukuta.

Déogratias alieneza kwamba nimeuza siri za familia kwa wazungu. Mwaka mzima hakunisalimia. Sisi wageni tulipopata ruhusa ya kujiandikisha kwa uchaguzi wa commune, ule wa viongozi wa mtaa, alipita nyumba kwa nyumba kutuambia tumchague nani. Nilijiandikisha mwenyewe, nikachagua niliyemtaka, na hata wewe sikuambii ni nani. Sijamsamehe. Padri ananiambia kila Pasaka nimsamehe, nami namjibu tutaona.

Halafu siku moja nani anabisha mlangoni kwangu? Furaha. Hakutaka kukaa, hakutaka chai.

"Maman, ile munganga yako mwanamke... anapokeaka siku gani?"

Mwanangu, ulimi ulikuwa tayari kumwambia anyamaze, kama alivyoniambia. Nikatazama namna alivyoshika tumbo. Nikachukua koti langu. Njiani nilimwambia, "Nitakupeleka mpaka mlangoni. Ndani utasema weye."

Sasa nasema na wewe, mtoto wa wenzangu, uliyezaliwa hapa, ambaye Kifaransa kinatoka mdomoni kama maji. Ni wewe sasa unayekaa katikati ya mama yako na daktari. Mama akisema damu, wewe sema damu. Usiipambe, usiifupishe, usione haya kwa niaba yake. Na mfundishe maneno yake machache, ili siku moja ufunge mlango ukamsubiri nje. Wewe mwenyewe ukiugua, usimpe mtu mwingine ugonjwa wako akusemee, hata awe na suti gani. Na ukiwa na hamu ya kusomea udaktari, soma. Atakayekucheka mlete kwangu.

Mungu akupe mwili mzima na miaka mingi, akujalie watu wanaokusikiliza mpaka mwisho wa maneno yako, na wewe akufanye mmoja wao. Amina.