Uzito Niliokatazwa

Nilianguka kutoka juu ya kabeji. Watu hucheka nikisema hivyo, nami huwaacha wacheke. Lori lilikuwa limejaa magunia ya kabeji kutoka Mghange, kwetu milimani, na mimi nilikuwa nimekaa juu yake pamoja na wanawake wengine wawili, tunateremka kwenda Voi ambako mume wangu alikuwa na kazi ya stesheni. Kwenye kona moja ya mteremko wa Mwatate dereva alikata usukani kwa nguvu, magunia yakasogea, nami nikaenda nayo. Wenzangu walishika kamba. Mimi nilishika gunia, na gunia ndilo lililokuwa linaanguka.

Ilikuwa miaka ya hamsini, na mimi nilikuwa mke mpya bado, sina mtoto. Nilipelekwa Mombasa kwa garimoshi, nimelazwa juu ya godoro, mguu wa kushoto umefungwa kwenye ubao. Huko hospitalini wakasema mfupa wa paja umevunjika pale juu, unapoingia kwenye nyonga, na kwamba hautaungana wenyewe. Itabidi wapasue, waushike kwa msumari.

Msumari! Mimi nilijua msumari mmoja tu duniani, ule wa kupigilia mabati. Nilimwona fundi amekaa juu ya nyonga yangu na nyundo, misumari mingine ameibana kwa midomo. Mume wangu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha reli na changu cha sokoni, alinituliza kadiri alivyoweza.

“Wamesema ni chuma mzuri,” akaniambia. “Haishiki kutu.”

Hilo la kutu nilikuwa sijalifikiria. Nikaliongeza kwenye yale niliyokuwa nikiyaogopa.

Nilipasuliwa, nikazinduka, nikatapika, nikaishi. Mambo ya wodi siyaelezi sana kwa sababu nayakumbuka kwa harufu tu, dawa na uji. Ninachokikumbuka vizuri ni siku ya kuondoka. Muuguzi, mwanamke wa pwani mwenye sauti ya kuamrisha, alikuja kunitafsiria maneno ya daktari, kijana wa Kizungu aliyekuwa hajui hata kusema jambo. Na hapa lazima nirudi nyuma kidogo, maana bila hili hakuna atakayeelewa ujinga wangu.

Nilipoolewa na kushuka Voi, jirani yangu alikuwa mama mmoja Mwislamu, wazazi wake watu wa pwani. Ndiye aliyenifundisha Kiswahili cha watu. Siku moja nilimwambia, kwa kelele na mlango uko wazi, kwamba mke wa mwenye duka ana mimba. Alinishika mkono akaniingiza ndani kana kwamba nimetoka uchi.

“Mwanangu, mimba ni ya mbuzi,” akasema. “Mwanamke husemwa ana uzito. Yu mzito. Usinitie aibu.”

Nikalishika neno hilo kama nilivyoshika mengine yote aliyonipa. Kwangu mimi, uzito ulikuwa ni hilo. Kitu cha kubeba kichwani au mgongoni niliita mzigo, na sikuhitaji neno lingine.

Basi muuguzi akasimama miguuni pa kitanda changu na kusema, “Daktari asema hivi. Usibebe uzito. Usibebe uzito kabisa mpaka atakapokuona tena. Ukibeba, msumari utapinda, utavunjika, na hapo hatutaweza kukutengeneza. Umefahamu?”

Wanaume walikuwa wakipita na ndoo, wagonjwa wengine wanasikia. Nilifikiri, huyu mama hana haya.

“Hata kidogo?” nikauliza kwa sauti ya chini.

“Hata kidogo.”

“Na mume wangu?”

“Mume wako mwambie, akusaidie.”

Nilijifunika shuka mpaka machoni. Akanipa magongo mawili, akanifundisha kuyatumia, nikaruka nayo kama kunguru hadi mwisho wa wodi na kurudi. Mguu wenyewe ulikuwa bado wa moto, hakuna aliyehitaji kunikataza kuukanyagia. Nilidhani magongo ni ya maumivu, na maumivu yakiisha kazi yake imekwisha.

Sikumwambia mume wangu. Ningeanzaje? Nilikuwa nimeolewa nizae, na mama yake huko Mghange alikuwa ameshaanza, kila tulipoonana, kunisalimu huku akinitazama tumbo. Nikisema daktari amenikataza kubeba uzito, kesho yake kutakuwa na msichana mwingine anapepeta mahindi uani kwangu. Na nisiposema, na uzito ukaja, msumari utavunjika ndani yangu, nife, au nibaki kiwete na mtoto aliyetobolewa na chuma. Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyawaza. Niliyawaza nikipika, niliyawaza nikifua, na mtu akinisalimu nilichelewa kuitika.

Mguu ulipoa upesi kuliko nilivyotarajia. Mchanga wa Voi ulikuwa unameza magongo, watoto wananifuata nyuma wakiniiga, nikayasimamisha nyuma ya mlango na kuanza kutembea. Kwanza kwa kushika ukuta, kisha bila ukuta. Nikaenda kuteka maji, nikarudi na debe kichwani. Mume wangu alifurahi sana.

“Sasa wewe imepona,” akasema.

Nilikuwa nimepona mchana. Jioni ikikaribia nilianza kuchechemea, na tukimaliza kula nilikuwa hoi, nashika nyonga, nasema usinisogelee, panauma. Asubuhi mzima tena. Hali hiyo ilikwenda hivyo mpaka siku moja akaniambia, bila hasira, akikoroga chai yake, “Hii mguu yako inajua saa.”

Nilicheka kwa kuogopa. Mwanaume huyo hakuwa mkorofi, na labda angekuwa mkorofi ningeweza kumkatalia zaidi. Visingizio vilikwisha. Baada ya muda nikajua, bila kuambiwa na mtu, kwamba nimebeba kile nilichokatazwa.

Sina namna ya kueleza hofu ya miezi ile ila kwa kusema kwamba nilijisikiliza. Nilikuwa nikiweka mkono kwenye kovu na kusubiri. Mlio wowote wa goti, gesi yoyote ya tumboni, nilisema ndio huo unapinda. Tumbo likikua nilikuwa naliona linasukuma chuma kidogo kidogo, kwa nje. Siku ya kurudi Mombasa kuonwa na daktari ilifika nikakataa kwenda. Nilimwambia mume wangu sina haja, kwani hanioni natembea? Ukweli ni kwamba nilimwogopa yule muuguzi. Angenitazama mara moja na kujua kwamba nilivunja amri, na wodi nzima ingesikia.

Jirani yangu ndiye aliyeniona. Alikuja kuazima kinu, akanitazama nilivyoinuka kumletea, akatabasamu.

“Hongera, mwanangu. Mungu amekutazama.”

Nikaangua kilio. Nililia hata akasahau kinu, akafunga mlango, akanikalisha kwenye mkeka na kunitoa maneno moja moja. Nikamweleza yote: msumari, daktari, uzito, kwamba nitakufa na ni makosa yangu mwenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha uso wake ukaanza kuchezacheza, akaziba mdomo kwa kanga.

“Mwanangu wee! Alikwambia uzito gani? Uzito wa mguu! Usiuegemee mguu, usiukanyagie, mwili wako usiulalie mpaka mfupa ushike. Mtoto kaingiaje hapo?”

Akacheka, akacheka mpaka machozi, na mimi nikaanza kucheka naye huku bado nalia, kwa sababu nilikuwa nimefunguliwa. Kisha nikaona ameishusha kanga. Alikuwa anatazama nyuma ya mlango, kwenye magongo yaliyojaa utando wa buibui.

“Haya uliyaacha lini?” akauliza.

“Zamani. Nilipofika tu, mguu ulipopoa.”

“Na maji unateka mwenyewe?”

“Nateka.”

Hakucheka tena. “Keti hapo hapo,” akasema. “Usisimame. Nakwenda kumwita mumeo.”

Tulikwenda Mombasa sisi watatu. Yule muuguzi aliponisikia aliketi, mama yule mwenye sauti ya kuamrisha aliketi kabisa, na kusema polepole, kwa sauti ambayo hakuna mgonjwa mwingine aliyeisikia, “Ni mimi niliyekwambia. Sikujua umesikia nini.” Daktari aliukunja mguu wangu, akaunyoosha, akaugeuza ndani na nje, akiangalia uso wangu. Nilimwomba anipige eksirei tujue kama msumari umesimama. Akatikisa kichwa. Hakutaka kumpiga mtoto kwa ile mashine. Tungoje nizae, na mpaka hapo nikae, na nikitembea nitembee kwa magongo.

Kwa hiyo sikujua, na hakuna aliyeweza kuniambia. Hofu yangu ya kwanza ilikuwa ya bure, nayo nilikuwa nimeilisha vizuri. Sasa nilipewa ya kweli. Ule mfupa nilikuwa nimeutembelea miezi yote hiyo, nikaubebesha debe juu, huku nikilinda kitu kisichohitaji kulindwa. Nikikaa kwenye kiti mlangoni, tumbo mapajani, niliwatazama wanawake wakipita na kuni, kamba kwenye paji la uso, na nikawaonea wivu hadi nikawachukia. Nikawa mkali. Nilimfokea mume wangu kwa chumvi, kwa mlango, kwa upepo wa Voi.

Yeye alinijibu mara moja tu. “Ungeniambia ile siku ya kwanza.”

“Ungeleta mke mwingine.”

“Mmoja tu hii ananishinda,” akasema, akaenda kazini.

Mtoto alizaliwa hospitali ya Voi, msichana. Wakunga walinishika miguu, mmoja huku, mmoja huku, nami nilipiga kelele zote kwa ajili ya mguu wa kushoto. Ule uchungu mwingine nilikuwa nao lakini sikuwa na nafasi nao. Nilipoletewa mtoto nilimfunua kwanza nyonga. Nikamtafuta tundu, nikamtafuta alama. Mkunga alifikiri nataka kujua kama ni wa kike.

Baadaye eksirei ilionyesha mfupa umeshika. Umeshika kwa mshazari kidogo, mguu umepungua kama upana wa kidole, lakini umeshika. Daktari akasema nitembee, nilime, nibebe lolote. Muuguzi alinieleza mara tatu kwa maneno matatu tofauti, kisha akanitaka mimi mwenyewe nimweleze nilivyoelewa.

Nilielewa. Kuamini ndiko kulikonishinda. Nilitembea kwa fimbo, mwili wote nimeulaza upande wa kulia, mguu wa kushoto nikiugusisha chini kwa ncha ya vidole kama mtu anayevuka mto asioujua kina. Kwenda Mghange nilikataa. Mama mkwe alipanda maharagwe yangu, akapalilia, akavuna, akaniletea gunia na maneno yake juu. Nilikuwa natukanwa kwa haki na sikujali. Nilifikiri, heri mvivu kuliko kiwete.

Hivyo ndivyo tulivyoishi hadi binti yangu alipoanza kutembea. Alisimama, akaachia kiti, akaja kwangu, nami nikapiga vigelegele, kisha nikavikata katikati. Alikuwa anachechemea. Mguu wa kushoto aliugusisha tu, kwa vidole, kisha akautupa mwili kulia. Nilimrudisha kwenye kiti, akaja tena hivyo hivyo.

Sikungoja mume wangu. Nilimfunga mgongoni, nikaenda naye hospitali kwa fimbo yangu, na njiani kote nilikuwa nasema na Mungu kwa Kidawida, lugha ya kwetu, kwa sababu Kiswahili hakikunitosha. Ule msumari ulimfikia. Nilikuwa sahihi tangu mwanzo, wao ndio waliokosea na kunicheka. Chuma kilimgusa tumboni mwangu na hawakuona.

Dresa, msaidizi wa daktari pale hospitalini, alikuwa mtu wa makamo, wa huko huko milimani kwetu. Alimlaza mtoto mezani, akamvuta miguu, akailinganisha visigino, akamkunja, akamkunjua, mtoto anacheka. Akamshusha chini. Mtoto akatembea, kushoto anagusa, kulia anaanguka.

“Mama,” akaniambia, “hebu tembea mpaka pale mlangoni, urudi.”

“Mgonjwa si mimi.”

“Tembea tu.”

Nilikwenda nikarudi, na binti yangu nyuma yangu. Dresa hakucheka. Alitutazama wote wawili, akamwinua mtoto akanipa.

“Miguu ya mtoto ni mizima,” akasema. “Huku ndiko kutembea anakojua. Kwingine angejifunza wapi?”

Miaka iliyofuata nilipanda na kushuka Mghange mara nyingi, nikalima, nikabeba kuni mpaka mama mkwe akakosa la kusema. Lakini safari niliyoiogopa kuliko zote ni ile ya kutoka mlango wa dresa hadi lango la hospitali. Fimbo niliiacha ndani. Mtoto nilimweka chini. Nikakanyaga kwa mguu wa kushoto, unyayo wote, nikaulalia mwili wangu wote juu yake, nikingoja kusikia chuma kikivunjika. Kisha wa kulia. Kisha wa kushoto tena. Jasho lilikuwa linaingia machoni. Nilisikia vijiguu vyake kwenye changarawe, vinanifuata, na nilitaka sana kugeuka nione anavyotembea. Niliogopa nikigeuka nitachechemea, naye atakuwa ananitazama.