Kabati Langu la Siku Nane

Kila mwaka, mvua za Aprili zikikaribia, Wayahudi wa mjini waliniuzia chakula chao. Miaka ya tisini nilikuwa mlinzi na mfagiaji wa ukumbi wao. Familia zilihama moja moja, ukumbi ukabaki: humo waliozana, waliombea wafu wao, na wazee waliosalia walicheza karata. Pasaka yao ikija, dini iliwakataza kumiliki kitu cha ngano. Unga, tambi, biskuti na pombe kali vilifungiwa katika kabati la jikoni, na mwenyekiti wao mzee akaniuzia vyote kwa noti moja. Alinisomea mkataba neno kwa neno: kwa siku nane mali ni yangu, nile, niuze, nitupe. Nikatia sahihi, akanipa ufunguo. Siku hizo zikiisha, alinunua tena.

Nilicheka moyoni kila mara. Watu wazima, madaktari na mawakili, wanacheza duka la watoto, tena kwa suti na tai! Nyumbani Kawangware niliwaigiza mpaka mke wangu akashika mbavu.

Mwaka mmoja hakucheka. Alikuwa na homa ya matumbo, kibanda chake cha mboga kimefungwa, na mshahara wangu wote umeishia kwenye dawa. Watoto wetu watatu walikunywa strungi asubuhi, strungi jioni, chai kavu isiyo na maziwa wala cha kutafuna. Siku ya tatu akauona ufunguo wa kabati msumarini.

"Baba watoto, si hiyo unga ni yako? Si ulisaini?"

"Wacha ujinga. Hiyo ni drama ya wazungu. Nikigusa, kazi imeisha."

"Sasa mbona wakupee ufunguo?"

Muuza sukuma wiki atanifundisha nini kuhusu Wayahudi? Nilitoka kifua mbele, nikatembea hadi mjini kulinda kabati langu dhidi yangu mwenyewe. Kitinda mimba alikuwa ameacha kulia, na mimi, baba mwenye akili, nikadhani ni adabu.

Pasaka ilipoisha nilimkabidhi mzee ufunguo kwa madaha. Nikamwambia hata biskuti moja sijagusa, ingawa wanangu walishinda na chai tupu. Nilingoja asante, labda na kitu kidogo juu yake.

Mzee aliweka kalamu chini. Alizaliwa Nairobi, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha walowezi.

"Chakula ilikuwa yako. Kwa nini toto hapana kula?"

"Nilidhani ni mchezo, mzee."

"Mimi hapana cheza," akasema, na uso ulimwiva kwa hasira. Akalifungua kabati, akautoa unga wote. "Hii mimi hapana nunua. Peleka nyumbani."

Niliubeba begani hadi Kawangware, aibu ikinichoma njia nzima. Mke wangu akauliza unga umetoka wapi.

"Mzee amenizawadia," nikamwambia, "kwa uaminifu wangu."

Akanisifu mbele ya watoto, nami nikaketi nikala chapati.