Mama Hakuvua Buibui

Harufu ya pasi ya makaa inapopita juu ya nguo mbichi hunirudisha nyumbani kwetu, mtaa wa Malindi, miaka ya hamsini, asubuhi ya Idi. Pasi za namna hiyo ni adimu siku hizi, lakini pua yangu haina habari.

Kwetu, wenzangu, hakuna kitu kilichokufa mara moja. Kanzu ya baba ikichakaa iligeuka foronya, foronya ikichoka ikawa tambara la kufutia sakafu. Debe la mafuta ya taa lilitiwa mpini wa mti likawa ndoo. Sufuria iliyotoboka ilitiwa kiraka na fundi bati, ikarudi jikoni ikipika kama zamani. Baba alizoea kusema, akimtazama mama, "Nikizembea, huyu mwanamke atanitia kiraka na mimi."

Mwaka huo baba aliumwa karibu Ramadhani nzima, na kazi yake ya bandarini ikasimama. Mimi nilikuwa mtoto wa chuo cha Kurani bado, na maradhi ya baba niliyaona kwa jicho moja tu: gauni la Idi litatoka wapi? Kwenda kiwanja cha sikukuu cha Mnazi Mmoja na nguo ya mwaka jana ilikuwa aibu isiyo mfano. Nililia, nikasusa hata futari. Mama alisema tu, "Subiri, mwanangu. Idi haijafika."

Ilipofika, nililikuta gauni limetandikwa kitandani, bado lina joto la pasi. La kijani kibichi, na ukingo wa lasi shingoni. Karibu na pindo palikuwa na safu ya vitundu vidogo vidogo, nami nikadhani ni nakshi. Sikuuliza limetoka wapi. Nililivaa, nikazunguka mpaka kichwa kikaniuma.

Mchana tukaenda mtaa wa Mkunazini kumpa mkono wa Idi shangazi yangu, Bi Rukia, dada yake baba. Mnaijua desturi: mwanamke akishaingia ndani huvua buibui, na hapo ndipo nguo za sikukuu zinapoonekana. Ukumbi ulijaa wanawake waliometameta na kunukia udi. Mama peke yake alikaa ukingoni mwa mkeka, kajifunika vile vile, jasho likimtiririka.

"Wifi, vua buibui ukae," alisema shangazi. "Au umekuja kuchukua moto?"

"Nnakwenda zangu sasa hivi, wifi. Nshachelewa."

Shangazi akamshika ukingo wa buibui, kwa mzaha, amvue. Mama akaukamata kwa mikono miwili. Wakatazamana kidogo, kisha shangazi akauachia na kuanza kulisifu gauni langu kwa sauti kubwa, hata wote wakanigeukia mimi.

Tuliondoka kabla ya halua. Nilinuna njia nzima. Moyoni nilisema mama yangu hajui kukaa na watu, na kwa miaka mingi nilibaki na neno hilo.

Nilikwisha kuwa na watoto wangu shangazi aliponieleza. Aliposhika lile buibui, aliona ndani kanga ya jikoni, kuukuu, yenye madoa ya manjano. Hapo akatambua kuwa gauni la mama la kutokea, alilokuwa nalo moja tu, limefumuliwa, kitambaa kikageuzwa upande usiopauka, kikanishonewa mimi. Vitundu vile vilikuwa njia ya sindano ya zamani.

Nililia mbele ya shangazi bila haya. Kisha nikaenda kwa mama, aliyekuwa ameketi barazani akichagua mchele, nikamuuliza kwa nini alikubali kuketi vile mbele za watu.

Alinitazama kama niliyeuliza jambo la kitoto.

"Mimi nilikuwa na buibui, mwanangu. Wewe ulikuwa na nini cha kujifunika?"