Nilipunguza dawa ya maji kwa kuona haya, ploti nzima ikaugua

Wakuu, salamu. Mimi husoma tu hapa, leo ndiyo mara ya kwanza kuandika. Niliishia darasa la nane na naandika pole pole. Sijaongeza chumvi.

Ploti yetu iko Mbotela. Tuna kisima, na maji yake lazima yatiwe dawa ya klorini kwenye tangi kila asubuhi. Kazi hiyo ni yangu. Nilifundishwa na Baba Wafula, jirani yetu, mstaafu wa reli.

Siku moja Mama Nekesa, anayeuza chai getini, akaniita mbele ya foleni ya maji.

"Kevo, chai yangu inanuka kama shuka za hospitali! Unataka wateja wanikimbie?"

Watu wakacheka. Mimi hata kusalimia watu wawili pamoja hunitoa jasho. 

Kesho yake nikatia nusu.

Wakanisifu, eti siku hizi maji ni matamu. Nakiri nilifurahi. Nikapunguza tena.

Haikupita muda, watoto wakaanza kuhara. Kisha Baba Wafula akabebwa kwa mkokoteni hadi zahanati. Kipindupindu.

Afisa wa afya alikuja akatukusanya uani. Huyu akalaumu mboga, yule mtaro. Na nyuma yao watu walikuwa bado wanachota.

Nikaona nikinyamaza, hayo maji yatanywewa mchana huo huo.

Nikainua mkono. "Ni maji. Mimi nilipunguza dawa."

Mama Nekesa, aliyeshika sufuria ya maji aliyotoka kuchota, akanigeukia. "Ala! Mpole hivi, kumbe unatumaliza kimya kimya?"

"Ndiyo, mama. Mwaga hiyo sufuria."

Akaimwaga.

Nikagonga kila mlango. Waliosema watamwaga baadaye, nilisimama pale mpaka wakamwaga. Nilitukanwa, hata mama yangu akatukanwa. Sikuondoka.

Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu. Baba Wafula amerudi, amekonda sana.

Afisa alinifundisha kupima maji kwa kichupa kinachobadilika rangi. Sasa sitii dawa kwa kusikiliza foleni.

Jumamosi wapangaji wanakutana. Wengi wanataka kazi apewe mtu mwingine. Wana haki. Nitaenda, na nitasema mbele ya wote. Wakiniondoa, nitamfundisha huyo mwingine kupima, hata kama hataki kuniangalia usoni.

Nilichojifunza ni kwamba maji yanaweza kuwa matamu na yakuue, na kuona haya kwangu kulilipwa na watoto wa wenyewe.

Kwenu nani hutia dawa kwenye tangi? Mnamjua? Niambieni, hata kwa kunigombeza. Nitasoma zote.