Shahidi wa Pascaline

Pascaline hamwamini mtu upesi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, naye alitoka Fizi, huko Kongo, akiwa msichana mdogo, akafika Kabazana, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, na mama yake, na mpaka leo akiulizwa jina lake humtazama kwanza anayeuliza. Ajabu ni kwamba mtu wa namna hii ndiye aliyekwenda kusomea kusikiliza siri za watu: ushauri wa afya ya akili, katika chuo kikuu kimoja pale Mbarara.

Mwaka huu chuo kikatangaza kwamba kozi hiyo itafungwa. Wanafunzi wakagoma, wakaketi mbele ya ofisi ya mkuu wa kitivo. Mkuu akatoka, akawasemesha kwa upole, na upole wenyewe Pascaline akautilia shaka. Alisema, nionyesheni japo mtu mmoja aliyesaidiwa. Hata huko kambini hakuna anayeomba huduma hii.

Eti hakuna. Nakivale watu humjia Pascaline kila wikendi, ila huja kwa mlango wa nyuma, wakisingizia kuazima chungio. Nani anataka kuitwa mwendawazimu, na huku anangoja jina lake litoke ahamishiwe ng'ambo?

"Lete mtu moja tu ya kambi aseme," Rugamba, kiongozi wa wanafunzi, alimsihi.

Kwa nini kila shida lazima itafutiwe mkimbizi wa kuionyesha? Pascaline alimshuku Rugamba pia. Lakini bila kozi hakuna cheti, na bila cheti kazi yake yote ni umbea wa jikoni.

Aliyekubali ni Mama Gisèle, jirani yake, ambaye usingizi ulimkimbia mpaka alipommwagia Pascaline yote yaliyomfika Kongo. "Ulinisikiya, mwanangu," alisema. "Na mie nitakusemeya."

Siku ya kikao na mkuu, walipoingia ukumbini, Mama Gisèle akamwona mwanamume kwenye kona ameinua simu.

"Ule anapiga picha ya nini?" akanong'ona. "Itaenda fasi gani? Batasema kichwa yangu haiko muzuri, na dosie yangu ya kwenda ng'ambo itakufa."

Pascaline alitaka kumwambia asiogope. Akamtazama yule mwenye simu, shati safi, sura ngeni, akashindwa kumwapia mama kuwa ni mtu mwema.

"Mama huyu ndiye uliyemtibu?" mkuu akauliza.

Rugamba akamtolea ishara aseme ndiyo. Mama Gisèle alikuwa anatazama sakafu.

"Hapana," akasema Pascaline. "Ni jirani yangu. Amenisindikiza tu."

Mkuu akashukuru, akasema basi mambo yamekwisha, kozi itafungwa. Ukumbi ukaguna. Rugamba akamfuata Pascaline hadi mlangoni, macho mekundu.

"Hawa watu wamekununua pesa ngapi?"

Swali hilo lilimchoma, maana hata yeye angemuuliza mwenzake vivyo hivyo. Jibu alikuwa nalo, lakini lilikuwa siri ya mtu mwingine. Akamshika mama mkono, wakatoka.