Theodora: Sisaini mpaka kifungu cha 19 kibadilike

Saa tatu asubuhi, katika chumba cha mikutano cha hospitali ndogo ya misheni wilayani Nzega, Theodora Mhoja anausoma mkataba neno kwa neno. Akifika kifungu cha kumi na tisa, anavua miwani.

"Hiki sikisaini."

Ng'ambo ya meza, Gerson, mwakilishi wa kampuni ya mifumo ya kompyuta kutoka Dar es Salaam, anatabasamu. "Mama, hicho kipo kwenye mikataba yetu yote. Hakijawahi kuleta shida."

"Hapa kimeleta."

Theodora, 54, ni ofisa ugavi. Kabla ya hapo alikaa miaka kumi na minne masijala, akitafuta majalada ya wagonjwa kwenye rafu. Mfumo wa kwanza wa kompyuta ulipokuja, yeye ndiye aliyejadili mkataba na kampuni nyingine.

"Nilibishania bei hadi ikashuka. Kurasa za nyuma nilizipitia juujuu," anasema.

Humo iliandikwa, kama katika kifungu hiki cha kumi na tisa, kuwa mkataba ukiisha, kumbukumbu zinabaki kwa kampuni. Ulipoisha, kompyuta hazikufunguka. Taarifa za wagonjwa 23,000 zikafungiwa.

Siku ya tisa aliletwa Julieth, mkulima wa Puge, hajitambui kwa homa. Mumewe, Masolwa, hakujua kuwa penisilini humdhuru mkewe. Jambo hilo lilikuwa kwenye kumbukumbu zilizofungiwa. Julieth alichomwa sindano, na kabla ya adhuhuri akafariki dunia.

Wapo waliomshauri Theodora anyamaze. Alipanda bodaboda hadi Puge, akamweleza Masolwa yote.

"Hakunifokea. Aliniuliza tu, 'Kwa hiyo habari ya penisilini iliandikwa?' Nikamjibu, iliandikwa. Akainamisha kichwa."

Gerson anaisikiliza habari hiyo hadi mwisho. Hatabasamu tena. Anatoka nje kupiga simu, na inapita saa nzima.

"Wamekubali," anasema akirudi. "Kumbukumbu ni mali ya hospitali. Nakala mtapewa kila wiki, mkae nayo wenyewe."

"Iandike kwanza, mwanangu."

Gerson anaandika. Theodora anasoma mara mbili, kisha anasaini.

Kabla ya kustaafu, anapanga kuzizungukia zahanati za wilaya akiwafundisha wenzake kusoma mikataba hiyo.

"Masolwa ana watoto wawili, na wanatibiwa hapa," anasema. "Nataka yaliyoandikwa juu yao yasomeke siku yoyote, hata mimi nikiwa sipo."