Annah Hadi Begani

Anko wangu Gerishom ana picha za mkewe Annah zaidi ya mia tatu, na hakuna hata moja yenye kichwa.

Kuna mkono wa anti. Kuna bega lake la kushoto, sketi yake ya kijani, viatu vyake vya kazini, na kila mara kando yake kuna gari. Mini nyekundu. Morris ya rangi ya maziwa. Land Rover ambayo mlango wake umefungwa kwa waya. Ni magari ya Waingereza tu, tena ya zamani tu. Gari la Japani hata liwe na umri wa babu yake, anko hasimami kuliangalia. Anasema halijateseka vya kutosha.

"Annah, songa kulia. Tena. Hapo hapo. Usipumue sana."

Kisha kamera inalia, na kichwa cha anti kinabaki nje kama mgeni aliyefungiwa geti.

Anko si mwendawazimu, ingawa sijui ningemweleza vipi mtu asiyemjua. Kazi yake ni kuendesha gari la dobi huko Dubai Investments Park. Mchana anabeba mashuka ya hoteli, jioni anarudi kwetu International City na kukaa chini kutengeneza mabasi na magari madogo kwa kadibodi, zile ngumu zinazowekwa ndani ya mashati yaliyopigwa pasi. Waya za hanga zinakuwa bampa. Chumba chetu kinanuka wanga na gundi. Juu ya friji kuna magari, juu ya kabati kuna magari, na chini ya kitanda kuna basi la kijani ambalo anti hulipiga teke kila asubuhi akitafuta ndara, na kila asubuhi huliomba radhi kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Huu ugonjwa aliupata kwao Vihiga. Babake alikuwa kondakta wa basi lililotoka Uingereza. Siku moja mzee alisinzia ukingoni mwa stendi, basi lake mwenyewe likamkanyaga vidole vya mguu. Watu wote wakamkimbilia mzee isipokuwa mwanawe mdogo, aliyebaki amechuchumaa akiangalia gurudumu jinsi lilivyofungwa boliti. Mzee alipona, vidole vikapungua, na mpaka leo hajamsamehe mtu.

Sasa, ukitaka kutengeneza gari dogo lifanane na lile kubwa, lazima ujue vipimo, na wenye magari ya zamani hawapendi kupimiwa. Mwanzoni anko alitumia ufagio. Aliuegemeza kwenye gari, akapiga picha. Urefu wa ufagio anaujua, basi urefu wa gari anaupata kwa hesabu. Mambo yalikwenda vizuri mpaka siku ufagio ulipoanguka juu ya Rover ya Mzee Duncan.

Mzee Duncan ni Mwingereza, mkubwa wa kikundi kinachokutana Jumamosi asubuhi kwenye maegesho ya Discovery Gardens kupiga picha magari yao. Hakupiga kelele. Aliinama akaangalia ule mkwaruzo, akaendelea kuuangalia, mpaka watu wakaanza kuvua kofia. Ndipo kikundi kikatoa sheria: hakuna fimbo, hakuna futi ya kupimia, hakuna kitu chochote kinachoweza kuanguka karibu na gari.

"Annah haanguki," anko akasema. Hivyo ndivyo anti alivyoajiriwa, bila kuulizwa.

Na kichwa? Anti anasuka nywele saluni. Kila baada ya wiki mbili ana mtindo mpya. Leo mistari, kesho mnara, kesho kutwa kitu kama kikapu.

"Kichwa chako hakina msimamo," anko alimwambia. "Bega ndilo halibadiliki."

Akamsimamisha kwenye mlango wa jikoni akampima kutoka sakafuni hadi begani, bila viatu na akiwa na viatu, na tangu siku hiyo anti akawa rula ya nyumba. Kwetu husemi basi lina mita ngapi. Unasema lina Annah tatu na ushee.

Mzee Duncan hata hiyo nusu ya mtu hakuipenda. Yeye hataki binadamu kabisa kwenye picha. Mfagiaji akipita mbele ya Rover, Mzee Duncan hushusha kamera na kusubiri apite, na mfagiaji akigundua, hupunguza mwendo.

Anti alivumilia yote haya kama mtu anavyovumilia mume anayekoroma. Kilichomshinda ni ukuta wa sebule.

Nyanya, mamake anti, amejengewa sebule mpya huko nyumbani, na Roselyne, mdogo wake anti, akawa anakusanya picha za watoto wote zitundikwe ukutani. Akaomba ya Annah akiwa Dubai. Anti alitafuta kwenye kamera, akatafuta kwenye simu, akafungua ile kompyuta ya anko inayopiga kelele kama posho mili ya kusaga mahindi. Saluni ni marufuku simu, na nyumbani mpiga picha ni mmoja. Mwishowe akatuma ile nzuri kuliko zote, aliyovaa gauni la Krismasi kando ya Morris.

Roselyne alipiga usiku huo huo. Simu ilikuwa kwenye spika.

"Dada, picha imefika. Mama anauliza nani aliikata."

"Haijakatwa. Ndivyo ilivyo."

"Anasema viatu anavijua. Ila anataka kuhakikisha mwenyewe bado yuko ndani."

Huko nyuma watu walikuwa wanacheka, na sauti ya nyanya ilisikika ikiuliza kama Dubai vichwa vinalipiwa mbali.

"Sasa tutundike nini, dada? Gari?"

"Nitatuma nyingine."

"Yenye kichwa, dada. Hata kiwe kidogo."

Anti akaweka simu mezani. Akaangalia juu ya friji, akaangalia juu ya kabati.

"Baba Caren," akamwambia anko, kwa jina la binti yao aliye shuleni Kenya, "kuanzia leo mimi si rula."

"Hasira zitapoa, mama."

"Hasira zitapoa. Rula imeisha."

Na wiki hiyo hiyo, kwa sababu shetani naye ana ratiba, Taib akaleta habari. Taib ni mtu wa Mombasa, muuza vipuri vya zamani, na hakuna gari lililokufa katika mji huu ambalo hakulihani.

"Gerishom, ndugu yangu, kaa chini kwanza. Kuna basi la ghorofa, jekundu, la Londoni hasa, liko yadi kule kwenu Investments Park. Lililetwa kuuza baga. Baga zimekufa. Jumatatu wanalikata nyuma yote, lifanywe kibanda cha kahawa."

"Nyuma? Ile nyuma ya wazi? Yenye ngazi?"

"Na ngazi. Inajipinda kama mkia wa mbuzi."

Anko akakaa chini kweli. Ngazi hiyo ameitafuta miaka yote. Picha za mabasi kama hayo alizonazo Mzee Duncan ni za nje na za mbali, na pale penye ngazi pana giza tupu. Nikamwambia picha za ngazi zipo mtandaoni. Akaniangalia kana kwamba nimemshauri akazikwe mtandaoni.

Mwenye yadi anaitwa Bassam. Alikubali kwa masharti: Jumapili asubuhi, hakuna ngazi ya kupandia, hakuna kupima, hakuna kugusa. Picha tu, halafu khalas. Kwa hiyo ilihitajika rula yenye miguu, na rula ilikuwa imegoma.

Anko alianza na mimi. Ila kipimo changu kilikuwa cha mwezi wa tatu, na sasa ni mwezi wa nane; akanipiga picha kando ya Mini, na Mini ikatoka ndogo hata paka asingeingia.

"Wewe unaota kama mchicha," akalalamika. "Hufai."

Akamjaribu Taib kwenye Rover ya Mzee Duncan, ambayo vipimo vyake anavijua kwa kichwa. Taib alisema ana futi sita. Anko akapiga hesabu, na Rover ikawa ndefu kama ambulensi.

"Taib, hebu nikupime."

"Wanaopimwa ni maiti. Mimi bado nina wake wa kuoa. Nimekwambia futi sita, andika futi sita."

"Kwa futi sita zako basi lile halipiti chini ya daraja lolote Uingereza."

"Basi madaraja yao ni mafupi. Shida yangu ipo wapi hapo?"

Jumapili tukaenda hivyo hivyo kwa gari la Taib. Anti alikuwemo kwa sababu moja tu: kanisa lake liko Jebel Ali, ni jirani, na lifti ni lifti. Alivaa kitenge cha buluu, na nywele alizozisuka usiku kucha kwa mkono wake mwenyewe ziligusa dari ya gari.

"Shemeji," Taib akasema kupitia kioo, "leo umevaa mnara?"

"Leo nimevaa kichwa, Taib. Ninacho, kwa wale waliokuwa hawajui."

Anko alijifanya anasoma mabango ya barabarani.

Basi lilikuwa limeegeshwa mwisho wa yadi. Anko alivua kofia. Mimi sikuona cha kuvulia kofia. Lilinuka mafuta ya kukaangia, njiwa walikuwa wametaga juu kwenye kiti cha mbele, na ubavuni pamechorwa baga yenye macho na kope. Lakini anko alilizunguka mara mbili, na nilipomtazama usoni nikaacha kucheka.

Anti alibaki garini, kiyoyozi kikivuma.

Kazi ikaanza na Taib.

"Simama wima."

"Nimesimama."

"Umeegemea tumbo lako. Na acha hiyo simu."

"Ni mteja, bwana. Haloo, naam, injini ipo, ila imefiwa na gia…"

Anko akamaliza mbele, akamaliza ubavu, jasho linamtiririka. Ndiyo kwanza anageukia nyuma kwenye ngazi, geti likafunguka, wakaingia mafundi wanaburuta mtungi wa gesi.

"Wamepata kazi nyingine kesho," Bassam akasema, akainua mikono. "Wanakata leo. Dakika tano. Yalla."

Anko akaangalia ngazi. Akamwangalia Taib, aliyekuwa amepinda upande mmoja anajikuna. Akakimbia hadi kwenye gari, akagonga kioo. Kioo kikashuka vidole viwili.

"Mama Caren."

"Baba Caren."

"Wanakata."

"Nawaona."

"Taib hana bega. Ana mteremko."

"Pole yake."

Anko akapangusa uso kwa kofia. "Nakuomba. Nakutaka wewe."

"Mimi hadi wapi?"

Nimewahi kumwona akinywa dawa ya kienyeji ya minyoo, na ilishuka haraka kuliko lile jibu.

"Wewe mzima. Na kichwa."

"Yangu kwanza. Zako zifuate."

Akashuka. Hakwenda kusimama kando kama siku zote. Alipita mbele ya mafundi, akapanda kwenye kile kibaraza cha nyuma cha basi, akashika chuma cha kujishikilia, mguu mmoja akauweka kwenye ngazi ya kwanza.

"Madam! Nilisema hakuna kugusa!" Bassam akapiga kelele.

"Sijagusa. Nimepanda."

Na akacheka, kile kicheko cha saluni kinachofanya wateja wasahau wanaumia. Mnara wake wa nywele ulifika dari. Nyuma yake ngazi yote ikapotea.

"Songa kulia kidogo…" anko akaanza.

"Nimesonga kulia miaka saba, Baba Caren. Piga."

Akapiga. Akaambiwa apige nyingine, ya kidevu. Na nyingine, mkono kwenye nywele. Anti alipotosheka akashuka, anko akainua kamera kuelekea ngazi tupu, na moto ukawaka. Fundi mmoja akasimama katikati na ngao yake usoni, moshi ukajaa, Bassam akasema khalas, na ikawa khalas.

Ndani ya gari Taib akauliza, "Sasa tunaenda kanisani au matangani?"

Jioni anko alifungua picha kwenye kompyuta na kukaa mbele yake na rula ya kweli. Kutoka kwenye kibaraza hadi begani mwa anti, akapata kipimo. Kutoka kipimo hicho akapata upana wa nyuma, urefu wa dari, unene wa chuma. Picha za Taib nazo zikasahihishwa humo humo. Taib ana futi tano na nusu, jambo ambalo tumekubaliana kutomwambia. Vipimo vyote vikapatikana isipokuwa ngazi. Palipokuwa na ngazi palikuwa na Annah, mzima, anacheka.

Anko hakufoka. Alikuza ile picha mpaka ikawa vidoti vidoti, akitafuta kama kuna pa kuchungulia kati ya kwapa na kitenge. Hakukuwepo.

Picha yenyewe ilikuwa imeshafika kwa nyanya.

"Mama analia," Roselyne akasema kwenye simu. "Anasema umependeza sana. Anauliza, hilo basi mmenunua?"

"Mwambie tumelikata."

Basi la kadibodi lilichukua mwezi mzima na mashati ya hoteli tatu. Ni zuri, mimi ndiye nasema, ambaye nayafuta vumbi yote. Na ndilo la kwanza lenye mtu. Kwenye kibaraza cha nyuma, pale palipotakiwa ngazi, amesimama mwanamke wa kadibodi, kitenge cha buluu, nywele za uzi mweusi zimefika dari, mkono kwenye waya wa hanga.

Jumamosi anko alilipeleka Discovery Gardens. Mzee Duncan alilizunguka akitikisa kichwa kwa kuridhika, akainama nyuma na kamera, kisha akaishusha na kusubiri. Nadhani alikuwa anangoja huyo mama apite.

Anti alikuja kuliangalia vizuri jioni, lilipowekwa juu ya friji, mbele ya mengine yote. Akasogeza uso karibu.

"Baba Caren, mbona umeninenepesha hivi?"

Anko hakuinua macho kwenye gundi yake.

"Si wewe, mama. Ni ngazi. Ilikuwa pana."